Ua la Ndege wa Peponi: Tuchunguze Kabla ya Kuamini



Somo letu la leo linahusu ua. Najua wengine mtauliza, "Ua litatuletea nini, na sisi tunatafuta karo na unga?" Ngojeni kidogo. Ua hili limewafundisha wataalamu wa nchi mbalimbali mambo makubwa. Pia lilivunja urafiki katika kikundi kimoja ninachokijua. Tutaanza na hicho kikundi, halafu tutakwenda kwa wataalamu, kisha tutarudi nyumbani kwetu.

Kikundi hicho kilikuwa cha akina mama 18. Walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Siku moja akaja mtu na mfuko wa mbegu. Zilikuwa nyeusi, ngumu, ukubwa kama wa mbaazi, na kila moja ilikuwa na kijishungi cha rangi ya machungwa inayowaka. Akasema, "Akina mama, hizi ni mbegu za ua la ndege wa peponi. Hoteli zinalilia maua haya. Baada ya miezi sita mtakuwa mnavuna." Mama mmoja akauliza kama mbegu ni mpya. Yule mtu akacheka, akasema, "Mama, hebu tazama hiyo rangi. Kitu kimekauka kinaweza kuwa na rangi kama hiyo? Hizi zilivunwa juzi."

Wakanunua. Akiba karibu yote ikaenda hapo. Mweka hazina, kwa vile alikaa karibu na mto, ndiye aliyepewa kazi ya kunyunyizia kitalu maji. Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Mwezi wa pili, miche miwili. Mwezi wa tatu, ile ile miwili. Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Mama, mbona wewe peke yako ndiye ulikuwa na mbegu? Ulizipanda zote kweli?" Mweka hazina akalia, akarudisha daftari na ufunguo wa sanduku, akakaa nyumbani. Wenzake wakalima kile kitalu, wakapanda maharagwe.

Sasa tuulize: nani alikosea? Wengi tutasema ni yule mchuuzi. Ni kweli. Lakini maneno yake yote yangeweza kupimwa, na hakuna aliyeyapima. Tuyapime leo, moja baada ya lingine.

1. TUUJUE MMEA WENYEWE

Jina la kitaalamu ni Strelitzia reginae. Kwao ni Afrika Kusini, hasa jimbo la Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Ni jamaa wa mbali wa mgomba, na ukitazama majani utaona wanafanana, ila haya ni magumu zaidi na vikonyo vyake ni virefu. Mmea hufika kimo cha kiuno au cha bega. Ua lake hutokea kwenye ala ngumu iliyolala kama mdomo wa ndege. Juu ya mdomo huo husimama vipande vya rangi ya machungwa kama kishungi, na katikati kuna kitu cha buluu kilichochongoka kama mshale. Ukiliona kwa mbali, utafikiri ni korongo ameinua kichwa.

Mwaka 1773 mmea huu ulifikishwa kwenye bustani ya Kew, Uingereza. Joseph Banks ndiye aliyeupa jina, kwa heshima ya Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu. Malkia huyo alizaliwa Ujerumani katika ukoo wa Mecklenburg-Strelitz, na neno "reginae" maana yake ni "wa malkia". Kuna ndugu yake mkubwa anayeitwa Strelitzia nicolai, ambaye huwa mrefu kama mti na maua yake ni meupe na buluu. Kwa jumla kuna aina 5, na zote asili yake ni kusini mwa Afrika.

Tahadhari moja: kuna mti mdogo mwingine, Caesalpinia pulcherrima, ambao watu huuita kwa jina hilo hilo la ndege wa peponi. Huo una majani madogo madogo kama ya jakaranda na maua mekundu yenye manjano. Ni mmea tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuzia "ndege wa peponi", mwambie kwanza akuonyeshe majani.

2. JE, RANGI NZURI NI DALILI YA MBEGU MPYA?

Hili ndilo neno la mchuuzi lililowashinda akina mama. Lina mantiki, si ndiyo? Majani ya mti yakikauka hugeuka kahawia. Ua likikatwa hufifia. Basi kitu chenye rangi kali lazima kiwe kipya.

Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida International, kule Marekani, walitazama kishungi cha mbegu za yule ndugu mkubwa, Strelitzia nicolai. Waliona jambo la ajabu: rangi ya machungwa haikufifia hata kwa mbegu zilizokaa miaka mingi baada ya kukauka. Rangi za kawaida za mimea hazikai hivyo. Wangeweza kusema "maajabu ya Mungu" na kuendelea na kazi nyingine. Badala yake waliuliza, "Rangi hii ni kitu gani?" Wakaipeleka maabara, wakaitenganisha na kuipima kwa mashine zaidi ya aina moja.

Majibu yalichapishwa mwaka 2009, na mtafiti mkuu alikuwa Cary Pirone. Kumbe rangi hiyo ni bilirubini! Wauguzi na wakunga mlio kwenye vikundi mnalijua jina hilo. Bilirubini ni ile rangi inayotokea mwilini chembe nyekundu za damu zinapozeeka na kuvunjwa. Ini huishughulikia, na hutoka pamoja na nyongo. Ikizidi, macho na ngozi ya mtu hugeuka manjano, kama tunavyoona kwa watoto wachanga wengine. Ni ile ile pia inayofanya jeraha la kuvilia damu kugeuka manjano kabla ya kupona.

Mpaka hapo watu wote waliamini kwamba bilirubini ni kitu cha wanyama na binadamu tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuonekana katika mmea. Mwaka 2010 watafiti hao hao wakaikuta pia kwa Strelitzia reginae, mmea wetu wa leo, na hata katika mimea mingine ya jamii za mbali.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: rangi ya kishungi haiwezi kukuambia mbegu ilivunwa lini. Ile rangi inakaa. Mbegu inaweza kuwa nzee, hata imekufa ndani, na kishungi bado kinang'aa. Mchuuzi aliwaonyesha akina mama kitu cha kweli, akawapa maana isiyo ya kweli.

La pili ni onyo. Mtu asije akatangaza kwamba mbegu hizi ni dawa ya ugonjwa wa manjano kwa sababu zina bilirubini. Hapana. Kuwa na rangi ile ile si kuwa dawa. Mbegu na majani yake si chakula wala dawa, na watoto wakizila huweza kuumwa tumbo. Mtoto mchanga akigeuka manjano, mpelekeni zahanati au hospitali siku hiyo hiyo.

3. MBONA MBEGU HAZIKUOTA?

Ganda la mbegu hii ni gumu sana. Maji huingia polepole, na mche huchukua muda kulipasua. Wataalamu wa mbegu wamejaribu njia nyingi za kuiamsha: kuondoa kishungi, kukwangua ganda, kuloweka majini, hata kutumia asidi maabarani (hiyo msijaribu nyumbani). Pia wameona kwamba joto lina kazi kubwa. Udongo wa vuguvugu, kama nyuzi 25 hivi, unafaa. Udongo wa baridi huichelewesha sana.

Hata mkifanya vizuri, kuota kunaweza kuchukua mwezi mmoja, miwili, mitatu, au zaidi. Na hazioti pamoja kama mahindi. Moja leo, nyingine baada ya wiki tatu. Kwa hiyo mwezi wa tatu, akina mama wale walipoona miche miwili, hawakuwa na ushahidi kwamba mweka hazina ni mwizi, wala kwamba hakunyunyiza maji. Labda mbegu zilikuwa zimekufa. Labda zilikuwa bado zinalala. Walilima kitalu kabla ya kujua.

4. NANI ANAFANYA KAZI, NA NANI ANAKULA BURE?

Sasa sikilizeni sehemu inayonifurahisha zaidi. Ule mshale wa buluu ndani yake una chavua. Umefungwa, hauonekani. Utamu wa ua, yaani mbochi, uko chini kwenye shina la mshale. Ndege akitua juu ya mshale ili anywe, uzito wake huuinamisha, nao hujifungua na chavua hunata miguuni mwake. Akiruka, mshale hurudi ulivyokuwa. Akitua kwenye ua la mmea mwingine, chavua hubaki kwenye ncha ya mshale, na mbegu huanza kutengenezwa.

Ndege yupi hufanya kazi hii? Kwa miaka mingi watu walitaja chozi, yule ndege mdogo mzuri mwenye mdomo mrefu uliopinda. Nani asingeamini? Chozi na maua ni kama chai na sukari. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, Coombs na Peter, walikwenda kukaa na kutazama maua mahali yanapoota kwa asili katika Eastern Cape. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2009. Waliona kwamba chozi huweza kuiba mbochi bila kugusa mahali panapotakiwa. Anakula, anaondoka, hajabeba kitu. Anayefanya kazi ni kwera, ndege wa manjano anayefuma viota, mwenye kelele, yule tunayemfukuza kwenye mtama. Yeye hutua juu ya mshale kwa uzito wake wote na kubeba chavua kwa miguu.

Je, katika vikundi vyetu hatuna machozi na makwera? Yupo mwenye maneno matamu, kila mkutano yupo mbele. Na yupo mwenye kelele, hata watu humchoka, lakini ndiye anayebeba maji. Ukitazama kwa mbali huwezi kumjua nani ni nani. Inabidi kukaa karibu na kuhesabu kazi.

Mmea huu sasa umepandwa nchi nyingi. Mji wa Los Angeles, Marekani, uliufanya kuwa ua lake rasmi mwaka 1952. Lakini ukiwa mbali na ndege wake, mara nyingi mmea hutoa maua mengi na mbegu chache au hakuna kabisa. Kwa sababu hiyo watu hupeleka chavua kwa mkono.

Nitaje kwa kifupi jambo jingine. Wahandisi wa Ujerumani, wa Stuttgart na Freiburg, walivutiwa na ule mshale unaoinama na kurudi mara nyingi bila kuvunjika. Sisi mlango ukitaka kufunguka tunaweka bawaba, nayo hulia na kushika kutu. Ua halina bawaba. Linapinda lenyewe. Mwaka 2011 walichapisha mfano wa vivuli vya madirisha vinavyofanya hivyo. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya dunia ya 2012 huko Yeosu, Korea Kusini, lilisimamishwa jengo lenye mbao nyembamba 108 za nyuzi za kioo, zinazopinda ili kufungua na kuziba mwanga, kwa wazo hilo hilo la kupinda bila bawaba. Usione vyaelea, vimeundwa. Na wakati mwingine fundi wa kwanza ni mmea.

5. MIEZI SITA AU MIAKA?

Neno la mwisho la mchuuzi lilikuwa "miezi sita". Ukweli ni huu: mmea uliotoka kwenye mbegu huchukua kama miaka 3 hadi 5 kabla ya kutoa ua la kwanza, na mara nyingine zaidi.

Mfano mzuri uko Kirstenbosch, bustani kubwa ya mimea mjini Cape Town. Huko walikuwa na mmea wa aina hii wenye vishungi vya manjano badala ya rangi ya machungwa. Mtaalamu John Winter alitaka kupata mingi ya namna hiyo. Akawa anachavusha kwa mkono, anangoja mbegu, anapanda, anangoja miaka mpaka maua yatoke, anachagua yale ya manjano, anaanza tena. Hata mbegu zilihitaji kuzungushiwa wavu wa chuma kwa sababu kindi walizila. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20. Mwaka 1994 ua likatolewa kwa watu kwa jina la "Kirstenbosch Gold", na mwaka 1996 likapewa jina jipya, "Mandela's Gold", yaani dhahabu ya Mandela, kwa heshima ya Rais Nelson Mandela. Naye pia alijua kungoja.

Iko njia fupi kuliko mbegu: kugawanya kishina. Mmea mkubwa uliokwisha kutoa maua hung'olewa, hugawanywa vipande vyenye mizizi na machipukizi, na kila kipande hupandwa. Hata hivyo vipande vikiguswa hukaa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kurudia maua vizuri. Lakini mwaka mmoja au miwili si mitano. Na unajua unachopanda, kwa sababu umeliona ua la mama yake.

6. KIKUNDI CHENU KIFANYE UTAFITI WAKE

Utafiti si kazi ya watu wa makoti meupe peke yao. Ni kutazama, kuuliza, kujaribu kidogo, kuandika, na kukubali jibu hata kama si lile ulilotaka. Kama mna hamu ya mmea huu, fanyeni hivi:

(a) Msianze na akiba yote. Anzeni na mbegu 20 tu, au vipande 3 vya kishina kutoka kwa mtu mnayemfahamu.

(b) Mbegu 10 ziondoeni kishungi, zikwangueni kidogo kwa tupa au msasa upande mmoja, mziloweke siku moja au mbili. Zile 10 nyingine zipandeni bila kuzigusa. Tumieni makopo yaliyotobolewa chini, yenye mchanga na mbolea iliyooza vizuri. Wekeni mahali penye joto. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

(c) Andikeni kwenye daftari: tarehe ya kupanda, nani alinyunyiza, ngapi zimeota kila wiki. Watu wawili watie sahihi. Daftari kama hilo lingemwokoa yule mweka hazina.

(d) Kama kuna mmea uliokomaa karibu nanyi, shuleni au kanisani, watu wawili wakae nusu saa asubuhi, kwa siku saba. Hesabuni ndege: wangapi wametua juu ya mshale wa buluu, wangapi wamekunywa kwa ubavuni. Kwetu Kenya kwera ni wa aina nyingi. Je, hao wa kwenu wanaifanya kazi? Hilo mtaliona nyinyi wenyewe.

(e) Chukueni chavua ya mmea mmoja kwa brashi ndogo, mpake kwenye ncha ya mshale wa mmea mwingine. Fungeni uzi kwenye maua hayo. Baadaye linganisheni: yenye uzi na yasiyo na uzi, yapi yametoa mbegu?

(f) Kabla ya kupanua, mmoja wenu aende kwa mnunuzi mwenyewe, si kwa mchuuzi wa mbegu. Aulize wananunua kiasi gani, mara ngapi kwa mwezi, na kwa bei gani. Halafu mjiulize: shamba hili litatulisha nini miaka yote tukingoja? Mboga na maharagwe katikati ya mistari si aibu.

KURUDI KWA AKINA MAMA WETU

Mwaka mmoja baadaye, nilikaa na kikundi kile tukazungumza kama tulivyozungumza hapa. Tulipofika kwenye habari ya mbegu kulala ardhini, chumba kilinyamaza. Mwenyekiti akasema polepole, "Basi tulimfukuza mwenzetu kwa kosa la mbegu." Jioni ile wanne wao walikwenda kwake. Aliwapikia chai. Alikubali kurudi kwenye kikundi, lakini ufunguo wa sanduku aliukataa, na mpaka leo hajaushika. Pesa za mbegu hazikurudi pia. Ile miche miwili alikuwa ameichukua na kuipanda kando ya nyumba yake, bila kumwambia mtu. Siku ile ilikuwa na majani manne manne, na ua bado.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni maneno gani ya mchuuzi yangeweza kupimwa kabla ya kulipa? Mngeyapima vipi?
2. Je, kikundi chetu kimewahi kumlaumu mtu kabla ya kupata ushahidi? Tulirekebisha vipi?
3. Kwetu nani ni chozi na nani ni kwera? (Msitaje majina. Tajeni kazi.)
4. Ni jambo gani moja kijijini kwetu ambalo wote tunaliamini, lakini hakuna aliyewahi kulijaribu? Tuanze lini?